Vimeng'enya vya Bakteria Vivunjavyo Kitini na Dai la Kuua Bakteria: Mazingatio kutoka Bonde la Lambwe



Naomba idhini nilete mbele yenu hoja moja tu, nayo ni kwamba kimeng'enya kivunjacho kitini hakina wema wala ubaya wa asili, bali athari yake hufuata mahali kinapofanyia kazi; basi yeyote adaiye kwamba kimeng'enya hicho huua bakteria, sharti kwanza abainishe kinawaua kwa njia gani.

1. Kitini na wavunjaji wake

Kitini ni mnyororo mrefu wa sukari iitwayo N-asetilglukosamini, nao ndio unaoyapa uimara magamba ya wadudu, maganda ya kaa na uduvi, na kuta za seli za kuvu. Katika fukwe za Ziwa Viktoria, ambako ochong'a, yaani uduvi wadogo wa ziwani, huvuliwa pamoja na dagaa waitwao omena, kitini hurudi ardhini mwaka hata mwaka wala hakilundikani, kwa kuwa bakteria wa udongoni na majini, wakiwemo wa jenasi za Serratia, Bacillus na Streptomyces, hutoa vimeng'enya viitwavyo kitinasi, vinavyoukata mnyororo huo vipande vidogo vidogo hata ukawa chakula chao.

2. Kitinasi tumboni mwa mbung'o

Bonde hili la Lambwe nchini Kenya, ambalo sehemu yake ilitengwa mwaka 1966 kuwa hifadhi ya wanyama na mwaka 1983 ikawa Mbuga ya Taifa ya Ruma, ni maskani ya korongo, na pia ya mbung'o wa spishi ya Glossina pallidipes, aliyewaletea watu malale na ng'ombe nagana, na ambaye madhara yake ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 wazee wangali wakiyakumbuka. Ijapokuwa Shirika la Afya Duniani lilithibitisha Agosti 2025 kwamba malale si tatizo la afya ya umma tena nchini Kenya, nagana haijatoweka, na maumbile ya mbung'o yangali yakistahili kuchunguzwa.

Tumboni mwa mbung'o huweza kuishi bakteria aliyepewa mwaka 1999 jina la Sodalis glossinidius. Hata kabla hajapewa jina hilo, Susan Welburn, Ian Maudlin na wenzao walikwisha kutangaza mwaka 1993 kwamba bakteria huyo hutoa kitinasi, wakatoa rai kwamba sukari inayotokana na kuvunjwa kwa kitini huzifunga lektini, ambazo ni protini za mbung'o ziwezazo kuua vimelea vya malale na nagana, na hivyo vimelea hupata nafasi ya kutua. Tafiti za baadaye juu ya mbung'o wa porini hazikupatana, maana baadhi ziliona uhusiano baina ya Sodalis na vimelea, ilhali nyingine hazikuuona. Lakini hata rai hiyo ikichukuliwa kwa hadhari, yatosha kutuonya kwamba kimeng'enya tunachokisifu maabara yamkini kikamsaidia adui porini.

3. Je, kitinasi huua bakteria?

Bakteria hawana kitini katika kuta zao, na hapo ndipo penye mushkeli. Wanayo peptidoglikani, ambayo ndani yake N-asetilglukosamini hupokezana na sukari nyingine iliyo jamaa yake, na kiungo baina ya sukari hizo hufanana na kile cha kitini. Basi njia ya kwanza ni hii: kwa ajili ya mfanano huo, baadhi ya kitinasi huweza kukata ukuta wa bakteria kama ifanyavyo lisozimu, kimeng'enya ambacho Alexander Fleming alikieleza mwaka 1922. Wala si kitinasi zote zenye uwezo huo, na bakteria wenye utando wa nje, mfano Escherichia coli, aghalabu hujikinga nazo.

Njia ya pili si ya kimeng'enya chenyewe, bali ya mazao ya kitini. Kitosani, ipatikanayo kitini kinapoondolewa vikundi vyake vya asetili, hubeba chaji chanya na kushikamana na uso wa bakteria wenye chaji hasi. Mwaka 2022 watafiti wa icipe, taasisi ambayo Thomas Odhiambo aliiasisi mwaka 1970 na ambayo ina kituo hapa jirani Mbita, walichapisha matokeo kuhusu kitini na kitosani kutoka maganda ya nzi askari mweusi dhidi ya mnyauko wa bakteria wa nyanya.

Njia ya tatu ni ya udanganyifu: Streptomyces watoao kitinasi hutoa pia viuavijasumu, na streptomaisini ilipatikana kwao mwaka 1943. Mchuzi wa bakteria usiosafishwa ukiua bakteria wengine, nani atajua muuaji ni yupi?

4. Mapendekezo

Kwa hiyo napendekeza kwamba wanafunzi watakaokusanya bakteria kutoka udongo wa Lambwe na fukwe za ziwa wasiridhike na duara angavu katika sahani ya kitini, maana hilo ni dalili ya kuvunja kitini tu. Wakisafishe kimeng'enya, wakilinganishe na kile kilichoharibiwa kwa moto, wakijaribu kwa bakteria wenye utando wa nje na wasio nao, tena wahesabu bakteria waliobaki hai. Aidha, bakteria yeyote asiachiliwe mashambani kabla ya kujulikana anavyohusiana na mbung'o.

Nawasihi, waheshimiwa, tusiiite kitinasi dawa mpaka ipite mitihani hiyo.