Nguruwe, Kulungu na Maji ya Mlimani: Mvutano wa Hawaii



Kisiwa cha Lanai, huko Hawaii, hakipati mvua nyingi. Mwanzoni mwa karne ya 20 George Munro, meneja wa ranchi ya kisiwa hicho, alisikia matone yakigonga bati la nyumba yake na mvua hainyeshi. Yalitoka kwenye msonobari uliosimama ubavuni mwa nyumba: majani yake yalinasa ukungu na kuudondosha. Munro akapanda misonobari juu mlimani, akawapiga vita na mbuzi waliokuwa wakiutafuna mlima ule. Kwake kazi zote mbili zilikuwa kazi moja ya maji, na sioni kosa lake.

Kabla ya binadamu, Hawaii haikuwa na mnyama wa kwato hata mmoja. Nguruwe walikuja na Wapolinesia, mbuzi na Kapteni Cook mwaka 1778, ng'ombe na Kapteni Vancouver mwaka 1793. Aksisi, kulungu wa India wenye madoa meupe, walifikishwa kisiwa cha Molokai miaka ya 1860 wakiwa zawadi kwa Mfalme Kamehameha wa Tano. Kisiwani Maui waliletwa mwaka 1959, ili wawindwe.

Ukitaka kuona uharibifu, tazama hapuu, kangaga linalokua kama mti. Nguruwe huliangusha na kulifukua kiini chenye wanga. Shina linabaki wazi kama mtumbwi, mvua inalijaza, mbu wanataga humo. Mbu hao (nao wageni wa karne ya 19) hueneza malaria ya ndege, inayowaua ndege asilia wa visiwa hivyo. Udongo uliofukuliwa nao huporomoka na mvua hadi baharini, ukayafunika matumbawe.

Hata hivyo hoja ya wawindaji, wanaotaka wanyama hawa wabaki, si ya kubezwa. Chakula kingi cha Hawaii huja kwa meli na bei yake inauma, na Molokai nyama ya kulungu ni kitoweo cha nyumbani hasa. Katiba ya jimbo nayo inalinda haki za kimila za Wahawaii asilia. Wasomi hubishana kama kuwinda nguruwe milimani ni mila ya kale au ni desturi iliyokuja baadaye. Ubishi mtamu huo, lakini haujazi sufuria ya mtu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 shirika la uhifadhi la The Nature Conservancy lilitega tanzi za waya katika misitu ya Molokai. Nguruwe walikufa polepole, nyama ikaozea porini. Wawindaji na watetezi wa wanyama, watu ambao kwa kawaida hawaivi chungu kimoja, wakajikuta upande mmoja.

Mwaka 2011 serikali ya jimbo ilizindua mpango uliobeba jina la methali ya Kihawaii, kwamba mvua huufuata msitu. Lengo lilikuwa kuongeza maradufu eneo la lindimaji linalolindwa, katika miaka 10. Nguzo yake kubwa ilikuwa uzio wa kuwazuia wanyama wa kwato, na mwindaji akiuona uzio huona ghala lake limetiwa kufuli.

Msimamo wangu ni huu: kule juu, penye ukungu, uzio hauepukiki. Nguruwe jike huweza kuzaa mara mbili kwa mwaka, na mabonde yale ni tope na magenge. Mwindaji anayebeba mzoga mgongoni hafiki kila mahali. Lakini mpaka wa uzio ujulikane kabla nguzo ya kwanza haijasimikwa, wawindaji waitwe kwanza kuwatoa wanyama walio ndani, na nyanda za chini zibaki wazi kwao. Tanzi zisitegwe mahali ambapo mtu na mbwa wake wanafika.

Vikundi vya majadiliano vya mchana naviomba vianze na suala la nyama: nani ataishusha kutoka mlimani, na atagawiwa nani. Ramani za uzio tuzifungue baada ya hapo.