GITAA LA MWENDA JEAN BOSCO
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Kwa kawaida mtumishi wa serikali akiitwa kusema na vijana huzungumzia bidii ya kazi. Bidii sitaiacha, lakini leo nitaieleza kwa habari za mpiga gitaa.

Jina lake ni Mwenda Jean Bosco. Alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, Katanga, katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Ninyi mnaosoma historia mnaijua Bunkeya. Ndiyo iliyokuwa makao makuu ya Msiri, mfanyabiashara aliyetoka huku kwetu magharibi ya Tanzania na watu wake, akajenga dola ya Wayeke katika karne ya 19, mpaka alipouawa mwezi Desemba 1891 na wazungu wa msafara wa Stairs. Kwa hiyo tukimtaja Bosco hatutaji mgeni. Asili ya watu wake ni huku, na nyimbo zake nyingi aliziimba kwa Kiswahili.

Kiswahili hicho ni cha Katanga. Kilistawi katika miji ya migodi ya shaba, ambako vibarua walikusanywa kutoka Kasai, Rwanda, Burundi na Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo, wakawa hawana lugha moja ya kusemezana. Mtani akikisikia atacheka kwanza. Akitulia ataelewa karibu yote.

Mwaka 1952, Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuwa akizunguka Afrika na kinasa sauti, alimkuta Bosco akipiga gitaa barabarani katika mji wa Jadotville, ambao sasa unaitwa Likasi. Akamrekodi. Miongoni mwa nyimbo za kwanza ulikuwamo "Masanga". Wimbo huo ulipata tuzo ya Osborn ya muziki wa Afrika kwa mwaka ule, na santuri zake zikasambaa mbali na Katanga.

Vijana mnaojifunza gitaa, hapa tegeni sikio. Bosco alipiga kwa vidole viwili vya mkono wa kulia, kidole gumba na cha shahada, basi. Gumba linashika nyuzi nene na kutembeza besi. Kidole cha shahada kinacheza juu kwa mwendo wake chenyewe. Msikilizaji hudhani wako watu wawili, kumbe ni mmoja aliyekaa na gitaa kavu lisilo na umeme. Tena hakupiga wimbo mara mbili kwa namna ile ile. Mtaalamu mmoja, David Rycroft, aliandika juu ya mapigo hayo katika jarida la African Music miaka ya 1961 na 1962. John Low, mpiga gitaa Mwingereza, alisafiri hadi Shaba mwaka 1979 kujifunza, akaandika kitabu juu ya safari yake.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 Bosco alifika Nairobi, akapiga redioni, na wapiga gitaa wengi wa Kenya wakamfuatisha. Mwaka 1969 alialikwa Newport, Marekani, kwenye tamasha kubwa la muziki wa watu. Mwaka 1972, Zaire ilipowataka raia waache majina ya Kizungu, alijulikana kama Mwenda wa Bayeke. Mwaka 1988 alirekodi tena huko Cape Town. Mwaka 1990 alifariki katika ajali ya gari.

Sasa nataka mwangalie jambo ambalo wazazi hawaamini. Mtu huyu alifanya kazi benki, akafanya kazi katika kampuni ya madini ya Gécamines, akaongoza bendi iliyoitwa Super Shaba, tena akamiliki hoteli karibu na mpaka wa Zambia. Gitaa halikumzuia kuwahi kazini. Wapo walimu na wazee wanaosema gitaa ni njia ya uhuni. Kwa heshima zote, wamfikirie Bosco.

Lakini sikuja kumsifu tu. Mimi kazi yangu ni majalada. Jalada lisilo na jina wala tarehe, hata likiwa na habari nzito, halimsaidii mtu. Bosco tunamjua leo kwa sababu alikuwa fundi, na pia kwa sababu siku ile mtu aliandika: huyu ni nani, yuko mji gani, anaimba lugha gani, mwaka gani. Ni mafundi wangapi walipiga vizuri barabara ya pili na hawakuandikwa?

Ninaye mmoja. Mjomba wangu alipiga gitaa vilabuni wilayani kwetu kwa zaidi ya miaka ishirini, akitunga mwenyewe. Alipofariki tulikuta kanda moja tu sandukuni, bila maandishi yoyote. Tuliicheza siku ya arobaini. Wazee wawili waliomjua tangu ujana wakabishana: mmoja anasema sauti ni yake, mwingine anasema ni ya mwenzake aliyekuwa akimwitikia. Hawakupatana. Wote wawili sasa ni marehemu, na kanda ninayo nyumbani, sijui niipe jina la nani.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, natoa pendekezo. Wanafunzi wakienda likizo ya Desemba, kila mmoja atafute mzee mmoja anayeimba au kupiga chombo, awe wa gitaa, zeze, marimba au ngoma. Amwombe ruhusa. Amrekodi, hata kwa simu ya mzazi. Kisha aandike kwenye karatasi: jina kamili la mzee, kijiji, lugha, nani aliutunga wimbo, nyuzi zimekazwaje, na tarehe. Wanafunzi wa zamani tuchange kabati na mashine ya kuhifadhia, vikae maktaba ya shule. Mimi natanguliza mchango wangu leo kwa Mweka Hazina, na karatasi ya mfano ya kujaza nimekwisha kuiandaa.

Wadogo zangu, msingoje mgeni aje na gari. Wazee wenyewe hawangoji.