Bomba Gumu Si Lazima Liwe Bomba Imara

Si mafuta yote ya ardhini yanayotiririka. Huko Cold Lake, katika jimbo la Alberta nchini Kanada, yapo mafuta mazito kama lami, zaidi ya meta 400 chini. Ukichimba kisima tu, hayatoki. Kampuni ya Imperial Oil, iliyoanza kuyavuna kibiashara hapo mwaka 1985, huyapasha moto kwanza. Mvuke wa nyuzi 300 hivi husukumwa chini kwa majuma kadhaa, kisima kikafungwa ili joto lipenye mwambani, halafu mafuta yakavutwa juu kwa kisima kile kile. Yakipungua, mvuke tena.

Sasa, mafuta hayo yana salfa nyingi, na yakichemshwa na mvuke hutoa gesi mbili. Ya kwanza ni kaboni dioksaidi, ambayo ikiyeyuka majini huwa asidi na kulila bomba. Hiyo ni kutu tunayoielewa: inakwenda polepole, na fundi hupima unene wa bomba akajua lini alibadilishe.

Gesi ya pili, haidrojeni salfaidi, ndiyo yenye balaa. Inanuka kama yai viza, na ikizidi hewani huua kwa pumzi chache. Inapokula chuma, hubakiza chembe za haidrojeni ambazo huingia ndani ya chuma chenyewe. Bomba lililovutika hupasuka ghafla, bila hata kukonda. Mtu angedhani dawa ni chuma kigumu zaidi. Kumbe chuma kigumu ndicho kinachopasuka upesi, na ndiyo maana kanuni za kimataifa za visima vya namna hii huweka kikomo cha ugumu.

Tena ufa huu hupenda baridi kuliko joto. Bomba la nje limeshikwa na saruji. Likipata moto hutaka kurefuka, haliwezi, likajibana lenyewe. Likipoa hutaka kunywea, haliwezi, likavutika kwa nguvu nyingi. Basi saa ile watu wanayosema kisima kimepumzika, ndiyo saa ya hatari, na bomba hilo limepita katikati ya tabaka za maji matamu. Kwa maoni yangu, mkaguzi anayefika kisima kikiwa cha moto, akaridhika na unene wa bomba akaenda zake, hajakagua. Arudi kikiwa kimepoa, atafute nyufa, kabla mvuke haujafunguliwa tena.