Kiwanda Kikifungwa, Sumu Hubaki na Nani?

Haya ndiyo niliyosema kwenye kikao chetu cha wanafunzi wa sayansi ya siasa. Sitaji mwanasiasa wala chama, mnajua sheria za hapa.

Kila kampeni lazima utasikia: "Mnataka kazi ama mnataka mazingira?" Mimi nasema swali hilo limekaa vibaya. Hebu tuangalie Owino Uhuru, kule Mombasa.

Kuanzia 2007 kulikuwa na kiwanda kando kabisa ya makazi, kikiyeyusha betri za magari zilizokufa ili kupata madini ya risasi. Kazi zilikuwepo, sikatai. Lakini betri ikivunjwa, asidi inamwagika. Risasi ikiyeyushwa, moshi na vumbi vinatoka. Halafu yanabaki makapi, ambayo bado yana risasi ndani. Sumu hiyo iliishia kwenye hewa, kwenye maji, na kwenye udongo ambao watoto wanachezea.

Risasi haiozi. Mwili unaidhania ni kalsiamu, unaiweka kwenye mifupa. Mtoto ndiye anaumia zaidi kwa sababu ubongo wake bado unakua. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama.

Kiwanda kilifungwa 2014. Lakini kufunga lango si kusafisha udongo.

Wakazi, pamoja na mwanaharakati Phyllis Omido, walienda kortini. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 na kuagiza eneo lisafishwe. 2023, Mahakama ya Rufaa ikaitengua fidia hiyo. Desemba 2024, Mahakama ya Juu ikairudisha. Yaani miaka 10 baada ya kiwanda kufungwa! Na kumbukeni, taasisi za serikali zilikuwa miongoni mwa waliopatikana na lawama. Kwa hivyo sehemu ya bili hiyo ni kodi yangu na yako.

Ndiyo maana mimi siulizi "kazi ama mazingira". Nauliza: pesa za kusafisha zimewekwa wapi kabla tanuri halijawashwa? Sheria ya mazingira ya 1999 inaruhusu mwekezaji adaiwe dhamana mapema. Na Kifungu cha 70 cha Katiba kinakuruhusu kwenda kortini bila kuthibitisha kwamba umeshaumia. Si lazima ungoje mtoto augue.

Mgombea akija kwenu na ahadi ya kiwanda, mpigie makofi ukitaka. Halafu muulize mambo matatu: makapi yatapelekwa wapi, nani atapima udongo na damu zetu, na matokeo yatabandikwa wapi tuyasome? Akizungukazunguka, basi ujue taka zitabaki kwenu.

Nimemaliza. Maswali yawekeni hapo chini, na tuheshimiane.