Kufuli, Kitasa au Namba ya Siri?



Saa za tarawehe nyumba nyingi hapa Sultan Hamud hubaki tupu, kufuli likining'inia mlangoni. Kufuli hilo linamwambia mwizi nini? Wenyewe hawapo! Kitasa kilichozama ndani ya mlango hufunga vilevile, lakini hakitoi habari. Na kama nyanya amebaki ndani, usimfungie kwa kufuli la nje. Moto ukizuka atatokaje?

Sisi vijana tunavutiwa na vitasa vya kielektroniki, vya namba au alama ya kidole. Faida ipo: mgeni akiondoka, unafuta namba yake. Vingi hutumia betri, kwa hivyo stima ikipotea bado vinafanya kazi. Je, betri ikiisha? Chagua chenye tundu la ufunguo pia.

Lakini fremu ikiwa mbovu, mwizi ana haja gani na namba yako? Atasukuma tu. Pesa ikiwa kidogo, anza na fremu, bawaba na komeo imara.

Mtume (s.a.w.) alimfundisha mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha amtegemee Mwenyezi Mungu. Basi tufunge milango vizuri, tumuage jirani, twende tukasali.

Wabillahi tawfiq.