Maana Bila Mfano

Juzi huko Mgeta, milimani Uluguru, nilimkuta mwanafunzi wa kidato cha kwanza akikariri neno la Kiingereza "erosion". Maana aliitoa bila kukosea. Nikamwambia, "Haya mwanangu, tunga sentensi." Kimya. Chini yetu mto ulikuwa mwekundu kwa udongo. Nikamwonyesha. Akaandika, kwa Kiingereza, kwamba mmomonyoko umelila shamba la baba yake. Tangu hapo neno likawa lake.

Tangu 1967 shule zetu nyingi za msingi zinafundisha kwa Kiswahili. Sekondari mtoto anakumbana na Kiingereza ghafla. Walimu na wazazi, kamusi inatoa maana, lakini mfano uko shambani kwenu. Mtoto si kasuku.