Kulea Chipukizi au Kuajiri Mahiri: Mfano wa Timu ya Green Bay

(Mazungumzo yaliyotolewa katika semina ya makatibu wa vyama vya msingi)



Katika mkutano uliopita ulizuka ubishi mkali: chama chenye fedha kidogo kisomeshe makarani wake vijana, au kimwajiri mtu aliyekwisha kuiva kwingine? Nimeombwa nitoe mfano. Wangu unatoka mbali, Marekani, tena katika michezo. Naomba mnivumilie, kwani huko swali hili hupimwa uwanjani mbele ya watu wote.

Mpira ninaousema ni ule wa Kimarekani, ambao, licha ya jina lake, huchezwa zaidi kwa mikono. Katika ligi yao iitwayo NFL imo timu ya mji mdogo wa Green Bay, jimbo la Wisconsin. Haina tajiri anayeimiliki. Tangu mwaka 1923 ni mali ya wenye hisa, ambao sasa wamepita 500,000, na hisa zao hazitoi gawio hata senti moja. Si chama cha ushirika kwa sheria tuijuayo sisi, lakini viongozi wakikosea, hakuna mfuko wa bwana mkubwa wa kuziba pengo.

Timu za ligi hiyo hupata wachezaji kwa njia kuu mbili. Ya kwanza huitwa drafti. Wala si ile ya vizibo vya soda tunayoicheza chini ya mwembe. Ilianza mwaka 1936 kwa shauri la Bert Bell, mwenye timu ya Philadelphia. Kila mwaka timu huchagua kwa zamu vijana wanaotoka vyuoni, na iliyoshika mkia ndiyo hupewa zamu ya kwanza. Njia ya pili ni soko la wachezaji huru, yaani waliomaliza mikataba yao. Soko hilo lilifunguliwa kikamilifu mwaka 1993, baada ya wachezaji kwenda mahakamani. Mwaka 1994 kikawekwa kikomo cha mishahara: dola milioni 34.6 kwa kila timu.

Kikomo hicho ndicho kiini cha maneno yangu. Siku hizi kijana wa drafti hufungwa mkataba wa miaka minne kwa malipo yaliyopangwa. Akiiva mapema, kazi yake huzidi sana mshahara wake. Mchezaji huru, kwa upande wake, hulipwa kwa sifa alizozichuma kwingine. Basi kila chipukizi anayeiva huiachia timu fungu la fedha la kumleta mahiri mmoja. Timu isiyolea hulikosa fungu hilo.

Hata hivyo, kulea nako kuna hasara zake. Mwaka 1989 Green Bay, ikiwa ya pili kuchagua, ilimchukua Tony Mandarich, jitu la miraba minne lililosifiwa nchi nzima. Alicheza huko misimu mitatu tu. Waliochaguliwa wa tatu, wa nne na wa tano, yaani Barry Sanders, Derrick Thomas na Deion Sanders, wote wakawa magwiji wa mchezo huo.

Mwaka 1993 timu hiyohiyo ilimwajiri Reggie White, mchezaji huru, kwa dola milioni 17 za miaka minne. Wengi walishangaa kwamba nyota kama yeye alikubali kwenda mji mdogo wenye baridi kali. Januari 1997 Green Bay ilitwaa ubingwa, na katika mchezo ule wa mwisho White alimwangusha mrushaji wa wapinzani mara tatu. Baadaye, mwaka 2005, ilimchagua kijana Aaron Rodgers, mtu wa 24 katika zamu ya mwaka ule, ikamweka benchi misimu mitatu akijifunza. Mwaka 2006 ikamwongeza Charles Woodson, mlinzi ambaye timu nyingi zilisita kumchukua. Ubingwa ukarudi Februari 2011.

Mwaka huo wa 2011 Philadelphia ilijaza nyota wa kuajiriwa, mmoja wao akaiita timu ya ndoto. Ilishinda michezo 8, ikafungwa 8. Mtaniambia habari za Tampa Bay, iliyomwajiri Tom Brady akiwa na miaka 42 ikawa bingwa Februari 2021. Ni kweli, ila wengi wa walinzi aliowakuta walikuwa wamelelewa papo hapo.

Nami nina kovu langu. Katika chama kimoja nilichokitumikia tulimleta mhasibu wa mjini kwa mshahara uliomeza fungu lote la mafunzo. Alikuwa hodari, sikatai. Lakini karani wa mizani, kijana tuliyemwahidi kozi, aliondoka katikati ya msimu wa ununuzi, na mhasibu yule hakujua hata daftari za wakulima zilikowekwa.

Alasiri hii mtapiga kura juu ya nafasi ya mhasibu wa Chama Kikuu. Kabla ya kura, naomba kila katibu aseme ana karani gani anayeweza kuiva katika miaka minne, na nani atakayemfundisha. Nipo tayari kwa maswali, Ndugu Mwenyekiti.